Seva ya zamani iliyogoma kusasishwa: uchambuzi wa kisa cha CentOS 7 kwenye mashine pepe

Kisa hiki ni cha chama cha akiba na mikopo kilichopo Tanzania bara. Jina la chama, mji, na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Ujumbe wa makosa, namba za matoleo na amri zilizotumika vimeachwa, kwa kuwa humo ndimo lilimo somo. Kimeandikwa kwa ajili ya maofisa TEHAMA wa taasisi ndogo, ambao wengi wao wamerithi mashine zisizo na maelezo kutoka kwa watu walioshaondoka.

Usuli

Akaunti zote za wanachama, yaani hisa, akiba, mikopo na marejesho, zipo kwenye programu moja inayofunguliwa kwa kivinjari. Imeandikwa kwa PHP na kanzidata yake ni MariaDB. Programu hiyo inaishi ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine) ya CentOS 7, aina ya mfumo endeshi wa Linux, iliyoundwa mwaka 2016, juu ya seva moja ya chuma yenye Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe. Mashine ilipewa diski ya GB 40, na sehemu ya `/boot`, inayobeba mafaili ya kuwashia mfumo, ikawekwa MB 500, kama mashine nyingi za miaka ile. Makeshia wanaitumia kuanzia asubuhi hadi kaunta zinapofungwa, na usiku kuna kazi za ratiba zinazokokotoa riba na kutuma SMS za kukumbusha marejesho.

CentOS 7 ilitoka Julai 2014, na tarehe ya mwisho ya kuhudumiwa ilijulikana mapema: 30 Juni 2024. PHP iliyokuja nayo ni 5.4. Waandishi wa PHP wenyewe waliiacha 5.4 mwaka 2015. Kilichoiweka hai miaka yote iliyofuata ni kazi ya kampuni ya Red Hat, waliokuwa wakichukua viraka vya usalama vya matoleo mapya na kuvirudisha kwenye la zamani, na CentOS ikivirithi. Urithi huo ulikoma siku ile ya Juni.

Aliyeijenga mashine alishahama. Afisa TEHAMA aliyepo, kijana makini na mchapakazi, aliipokea pamoja na daftari la nywila na maneno "usiiguse, inafanya kazi". Mkataba wa mwandishi wa programu ulikwisha zamani. Umeme ukikatika UPS inashika hadi jenereta iwake, kwa hiyo mashine ilikuwa haijazimwa wala kuwashwa upya kwa zaidi ya mwaka. Ofisini hilo lilionekana ni sifa ya mashine.

Kilichoamsha jambo ni swali la mkaguzi wa hesabu wa nje: seva ya akaunti za wanachama ilisasishwa lini mara ya mwisho? Afisa akaingia kwenye mashine na kuandika `yum update`, amri ya kusasisha vifurushi vya programu kwenye CentOS.

Kosa la kwanza na jinsi lilivyopotosha

Jibu lilikuwa hili:

`Could not resolve host: mirrorlist.centos.org; Unknown error`
`Cannot find a valid baseurl for repo: base/7/x86_64`

Mashine inasema imeshindwa kupata anwani ya `mirrorlist.centos.org`. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mitandao akisoma hapo atawaza DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, na afisa akawaza hivyo. Akabadilisha `/etc/resolv.conf` iuelekee mtandao wa nje moja kwa moja badala ya rauta ya ofisi. Kosa halikuondoka. Akawasha upya huduma ya mtandao. Halikuondoka. Akampigia simu mtoa huduma wa intaneti. Wakati huohuo kaunta zikaanza kulalamika kwamba risiti hazitoki, kwa sababu printa zilikuwa zinaitwa kwa majina ya ndani ambayo rauta ya ofisi pekee ndiyo inayoyajua.

Aliponipigia mimi, mwandishi wa uchambuzi huu, kuomba msaada, sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Kaka, nina tatizo la DNS na printa." Nikamwomba arudishe `resolv.conf` ilivyokuwa ili makeshia waendelee na kazi, kisha afanye vipimo viwili. Kwanza, aiulize mashine jina lingine lolote: `getent hosts google.com`. Likajibiwa papo hapo. Pili, aulize jina lile lile la mirrorlist akiwa kwenye simu yake, kwa intaneti ya simu. Halikujibiwa.

Vipimo hivyo vilimaliza mjadala wa DNS. Mtandao wa ofisi ulikuwa mzima, na jina lenyewe ndilo lililoondolewa duniani. Baada ya CentOS 7 kufika mwisho, orodha ya vioo (seva zenye nakala za vifurushi vya kupakua) ilizimwa na vifurushi vyote vikahamishiwa kwenye ghala la kumbukumbu, `vault.centos.org`. Maelfu ya mashine duniani ziliamka Julai 2024 na ujumbe uleule, na kila mmoja akashuku mtandao wake.

Tayari afisa alikuwa amepata ushauri mtandaoni wa kubandika mistari michache ya `sed`, kuongeza `sslverify=0` na kutumia `--nogpgcheck`, vinavyozima ukaguzi wa usalama, kisha kuwasha upya mashine. Nilimwomba asifanye lolote kati ya hayo hadi tuwe na nakala rudufu tuliyoijaribu. Sababu yangu ilikuwa rahisi: mashine isiyozimwa kwa zaidi ya mwaka haina ushahidi kwamba inaweza kuwaka. Uliopo ni ushahidi kwamba haijazimika.

Nakala iliyokataa kuwaka

Njia ya mkato ingekuwa kuchukua snapshoti (picha ya hali ya diski kwa wakati huo) kwenye Proxmox na kuendelea. Tulipofungua ukurasa wa hifadhi tukakuta eneo la diski za mashine pepe limejaa zaidi ya asilimia 90. Ndani yake kulikuwa na snapshoti ya mwaka 2019 iliyopewa jina la "kabla" na kusahauliwa. Hifadhi ile ni ya LVM-thin, inayogawa nafasi kadiri inavyotumika. Snapshoti inashikilia kila kipande cha diski kilichobadilika tangu ilipochukuliwa, na miaka ya miamala ya chama ilikuwa imelipiwa nafasi mara mbili. Hifadhi ya namna hiyo ikifika asilimia 100 haigomi kwa adabu: mashine zilizomo zinapata makosa ya kuandika diski, na kanzidata inaweza kuharibika katikati ya muamala. Kuongeza snapshoti nyingine pale kungekuwa hatari kuliko tatizo tulilokuja kulitatua.

Uamuzi ukawa: hakuna snapshoti. Tukatumia `vzdump` kupeleka nakala kamili kwenye diski ya nje, na pembeni yake `mysqldump` ya kanzidata peke yake, ili hata mashine nzima ikiharibika akaunti za wanachama ziwepo kwenye faili linalosomeka popote.

Kisha tukairudisha nakala ile kama mashine mpya yenye namba nyingine, kwenye seva ya akiba. Kabla ya kuiwasha tuliikatia mtandao kwenye mipangilio ya Proxmox. Hili watu hulisahau. Nakala ina anwani ileile ya IP na kazi zilezile za ratiba. Ikiamka ikiwa na mtandao, inagombana na mashine halisi, na usiku wanachama wanapokea SMS mbili za deni moja. Kwa chama cha akiba, SMS ya pili ya deni ni mstari wa watu mlangoni asubuhi.

Tukaiwasha nakala huku tukiangalia skrini yake ndani ya Proxmox. Ikapita menyu ya GRUB, programu ya kuanzisha mfumo, ikaandika mistari michache, ikasimama:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Afisa alinyamaza kidogo kisha akasema nakala imeharibika, tuchukue nyingine. Ni wazo la kawaida, na ndiyo maana napenda kukaa hapa kidogo. Nakala haikuharibika. Ilikuwa inasema ukweli kuhusu mashine halisi.

Tuliizima, tukaiwasha tena, na kwenye menyu ya GRUB tukachagua keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya zamani kuliko ile ya juu. Ikawaka bila shida. Ndani yake tukaandika `ls -lh /boot`. Kulikuwa na keneli tano. Nne zilikuwa na jozi kamili: faili la `vmlinuz`, ambalo ni keneli yenyewe, na faili la `initramfs`, ambalo ni mfumo mdogo wa muda unaobeba viendeshi vya kuisaidia keneli kuiona diski. Keneli ya tano, mpya kuliko zote, ilikuwa na `vmlinuz` peke yake. `df -h /boot` ikaonyesha kwamba nafasi karibu imekwisha.

Hapo historia ikajisoma yenyewe. Mtangulizi wa afisa alifanya sasisho la mwisho kabla hajaondoka. Yum iliweka keneli mpya. `initramfs` haiji ndani ya kifurushi, inatengenezwa kwenye mashine yenyewe na programu ya `dracut` baada ya kifurushi kuwekwa, na nafasi inayotengewa kabla ni makadirio tu. `/boot` ikajaa katikati. Dracut ikashindwa, ikaandika onyo lililopita kwa haraka kati ya mamia ya mistari, na yum ikamaliza kwa neno `Complete!`. GRUB ikaambiwa kwamba keneli mpya ndiyo ya kuwashia. Tangu siku hiyo mashine ilikuwa inaendesha keneli ya zamani iliyokuwa tayari kwenye kumbukumbu, huku chaguo lake la kuwaka likiwa mfu.

Kwa hiyo ule ushauri wa "bandika mistari hii kisha washa upya" ungeizima programu ya kaunta saa za kazi. Jenereta kukosa mafuta usiku mmoja kungefanya vivyo hivyo.

Mazoezi kwenye nakala

Tukaendelea kufanya kazi ndani ya nakala. Kwa kuwa haikuwa na mtandao, keneli zisizohitajika tuliziondoa kwa `rpm -e` pamoja na toleo kamili la kila moja, baada ya kuhakikisha kwa `uname -r` ni ipi inayoendesha. Tuliacha inayoendesha na moja ya akiba. Tulifuta pia mafaili ya `kdump` ya keneli zilizokwisha kuondolewa, ambayo hubaki bila mwenyewe na kula makumi ya MB kila moja. Katika `/etc/yum.conf` tukashusha `installonly_limit` kutoka 5 hadi 2. Kwa `/boot` ya MB 500, kuruhusu keneli tano ni kusubiri siku ijae.

Hatimaye tukaipa nakala mtandao wa kutoka nje tu, baada ya kusimamisha `crond`, huduma ya kazi za ratiba, na kufuta nywila ya huduma ya SMS kwenye faili la mipangilio. Ndipo tulipogusa hazina za programu. Kwenye `CentOS-Base.repo` tulizima mistari ya `mirrorlist` na kuelekeza `baseurl` kwenye ghala, katika saraka ya 7.9.2009, ambalo ndilo toleo la mwisho la CentOS 7.

Kosa lililofuata lilitoka EPEL, hazina ya nyongeza: yum ilidai kwamba cheti cha upande wa pili kimeisha muda. Hapa ndipo wengi hufikia `sslverify=0`. Tuliangalia saa kwanza kwa `timedatectl`, maana mashine pepe iliyosimamishwa na kuamshwa inaweza kuwa na saa ya jana. Saa ilikuwa sahihi. Vyeti vya mizizi vilivyomo kwenye mashine ndivyo vilivyochakaa: kile cha DST Root CA X3, kilichotegemewa na tovuti nyingi za Let's Encrypt, kiliisha 30 Septemba 2021, na kifurushi cha `ca-certificates` hapa kilikuwa cha kabla ya hapo. Mtangulizi, kumbe, alikuwa akisasisha keneli na vifurushi vichache tu alivyovichagua kwa majina.

Suluhisho lilikuwa ni suala la mpangilio: zima EPEL kwa amri hiyo moja, sasisha `ca-certificates` peke yake kutoka ghalani, kisha urudi. EPEL ya 7 nayo imehamia kwenye kumbukumbu za Fedora, kwa hiyo anwani yake ilibadilishwa pia.

Afisa aliuliza swali zuri: kama ghala tunalisoma kwa http tupu, mbona tunajisumbua na vyeti? Kwa sababu kuna ulinzi wa aina mbili. Cheti kinalinda njia. Sahihi ya GPG inalinda kifurushi chenyewe, na ufunguo wa CentOS upo ndani ya mashine tangu siku ya kwanza. `gpgcheck=1` ikiwa imewashwa, mtu akichezea kifurushi njiani yum itakikataa. Ukitumia http halafu ukaweka na `--nogpgcheck`, umeondoa vyote viwili, na utasimika chochote utakacholetewa, tena kwa mamlaka ya root, yaani ya juu kabisa, kwenye mashine yenye fedha za watu. Nakubali njia za mkato nyingi kwenye kazi hii, lakini siyo hiyo.

Sasisho kamili likapita ndani ya nakala. Tukaiwasha upya, ikawaka na keneli 3.10.0-1160.119.1. Tukafungua programu, tukafanya muamala wa majaribio, tukalinganisha jumla za akiba na zile za kanzidata halisi ya siku ya nakala. Zikalingana.

Siku ya mashine halisi

Kazi ilifanyika Jumamosi baada ya kaunta kufungwa, na meneja alikuwepo. Nilimwomba awepo kwa sababu uamuzi wa kurudi nyuma, kama mambo yangeharibika, ulikuwa wake na si wa mafundi.

Tulisimamisha programu, tukachukua nakala nyingine kwenye diski ya nje na `mysqldump` mpya, tukathibitisha zinafunguka. Baada ya hapo ndipo tulipoifuta snapshoti ya 2019. Kwenye LVM-thin ufutaji ni wa haraka. Anayetumia VMware ajue kwamba kwake kufuta snapshoti ya zamani kunamaanisha kuunganisha mafaili, na kunaweza kuchukua saa nyingi huku diski ikilemewa. Nafasi ilirudi, na sasa tukaweza kuchukua snapshoti mpya ya saa chache.

Sasisho liliendeshwa ndani ya `screen`, ili intaneti au kompyuta ya afisa ikizimika yum isikatwe katikati. Muamala wa yum uliokatwa unaacha vifurushi nusu nusu, toleo la zamani na jipya yote yakiwa yamesajiliwa, na kuyasafisha ni kazi ya siku nyingine.

Kabla ya kuwasha upya tulifanya kile ambacho mtangulizi hakukifanya. `grubby --default-kernel` ituambie ni keneli gani itawaka. `ls -lh /boot` ituonyeshe kama hiyo keneli ina `initramfs` yake na ukubwa wake unafanana na wa wenzake. `lsinitrd` iifungue tuone haijakatika. Kisha tukawasha upya, tukitazama skrini ndani ya Proxmox. Anayefuatilia kwa SSH, yaani kuingia kwa mbali kupitia mtandao, wakati wa kuwasha upya haoni chochote mpaka mambo yawe yameshakaa sawa.

Mashine iliwaka. Programu ikafunguka. Risiti hazikutoka.

Huduma ndogo inayopeleka risiti kwenye printa ilikuwa imewashwa kwa mkono na mtangulizi, haikuwahi kusajiliwa iwake yenyewe. Kwa zaidi ya mwaka ilikaa kwenye kumbukumbu tu. `systemctl enable --now` ikaimaliza, lakini ilichukua muda kuitambua, kwa kuwa jina lake halikuandikwa popote na tulilipata kwenye historia ya amri za zamani.

Mazungumzo magumu zaidi

Meneja alipoona neno `Complete!` alifurahi: "Kwa hiyo sasa tuko salama, nimjibu mkaguzi?"

Ilibidi nimwambie hapana, si kwa namna anayodhani. Mashine imepokea viraka vyote vilivyotolewa hadi mwisho wa Juni 2024. Ghala ni kumbukumbu, haliongezwi kitu. Kesho `yum update` itasema hakuna cha kusasisha, na itasema hivyo daima, hata udhaifu mpya ukigunduliwa kwenye keneli au PHP. Kosa la mwanzo lilikuwa na faida moja: lilipiga kelele. Baada ya kulitengeneza, mashine itakaa kimya, na kimya hicho kinaweza kusomwa kama afya.

Tuliweka mezani njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kulipia viraka vya ziada kutoka kwa kampuni zinazouza huduma hiyo kwa CentOS 7. Meneja aliikataa kwa sababu ni malipo ya dola kila mwaka kwa kitu kisichosogea mbele. Ya pili ilikuwa kupandisha mashine papo hapo hadi toleo la 8 kwa zana ya ELevate ya AlmaLinux, mfumo wa Linux wa familia ileile. Zana inafanya kazi, ila PHP ya msingi kwenye 8 ni 7.2, na programu ya chama imejaa amri za familia ya `mysql_`, kama `mysql_query`, zilizoondolewa kwenye PHP tangu 7.0. Mfumo ungepanda, programu ingekufa. Ya tatu, iliyochaguliwa, ilikuwa kujenga mashine mpya ya AlmaLinux 9, ambayo viraka vyake vimeahidiwa hadi 2032, na kumlipa mtaalamu arekebishe programu.

Wakati huo mashine ya zamani ilifungiwa. Kwenye rauta tuliruhusu kompyuta za kaunta kuifikia, na yenyewe kutoka kuelekea huduma ya SMS tu. Mlango wa mbali alioutumia mtaalamu wa zamani, ambao ulikuwa bado wazi kwa dunia nzima, ulifungwa. Kwa maoni yangu hatua hii ya rauta ilipunguza hatari kuliko sasisho lote la Jumamosi.

Matokeo

Ujenzi wa mashine mpya nao ulikuwa na kikwazo kinachofaa kutajwa. Kisimikaji cha AlmaLinux 9 kilikufa mara tu baada ya kuanza, kikilalamika kwamba CPU haiungi mkono x86-64-v2, kiwango cha chini cha uwezo wa CPU kinachotakiwa. CPU ya seva ni ya kutosha kabisa. Mashine pepe ndiyo iliyopewa CPU ya kuigiza ya aina ya `kvm64`, ambayo Proxmox ya zamani huiweka bila kuulizwa na ambayo inaficha uwezo wa chuma kilicho chini yake. Kubadilisha aina iwe `host` kulitosha. Kama afisa asingejua hilo, chama kingeshauriwa kununua seva mpya.

Kwenye programu, kubadilisha `mysql_` kwenda PDO, njia mpya ya PHP kuzungumza na kanzidata, ilikuwa kazi ya mikono lakini inayotabirika. Iliyosumbua ni MariaDB mpya. Toleo la 5.5 lilikuwa likipokea kisanduku kitupu kwenye safu ya namba na kuandika sifuri kimya kimya. Tangu 10.2.4 ukali wa kukataa data isiyofaa umewashwa kama kawaida, na fomu ya kusajili mwanachama asiye na namba ya mdhamini ikaanza kukataliwa. Mtaalamu alitaka kuzima ukali huo. Tulikataa, tukamwomba arekebishe fomu, kwa sababu sifuri zile ndizo zilizokuwa zikiharibu ripoti ya wadhamini kwa miaka.

Kaunta zimehamia mashine mpya. Ripoti mbili za mwaka, zilizoandikwa kwa mtindo ambao mtaalamu bado hajaufumbua, zinaendeshwa kwenye mashine ya zamani, isiyo na njia ya intaneti sasa, ikiwashwa kwa ajili ya hizo tu. Mkaguzi alipokea maelezo ya maandishi yenye tarehe ya kuizima kabisa.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuirudisha nakala na kuiwasha kabla ya kugusa kitu. Ndicho kipimo kilichotuonyesha keneli isiyo na `initramfs` bila gharama. Watu huweka nakala rudufu kwa nia ya kujikinga na diski kufa, na hiyo ni sahihi, ila nakala ndiyo pia mahali pekee unapoweza kuiuliza mashine swali la hatari.

Vipimo viwili vya DNS vilifaa kwa sababu vilitenganisha. Kujaribu suluhisho juu ya suluhisho hakutenganishi chochote, kunaongeza mabadiliko ambayo baadaye nayo yanahitaji kuchunguzwa, kama printa zilivyoonyesha. Simlaumu afisa. Ujumbe wenyewe ulisema "resolve", na mfumo mzuri ungesema kwamba toleo hili limefika mwisho.

Kilichoshindikana ni upande wa risiti. Nakala iliyokatiwa mtandao haiwezi kukuonyesha huduma inayozungumza na vifaa vya nje, na sisi hatukuandika mapema orodha ya huduma zinazoendesha na kuilinganisha na zile zilizosajiliwa kuwaka zenyewe. Ni ulinganisho wa amri mbili tu za `systemctl`: moja ya zinazoendesha, nyingine ya zilizosajiliwa. Kwenye mashine yoyote iliyokaa muda mrefu bila kuzimwa, ningeufanya kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu `/boot`, tatizo lilikuwa kutokuwepo kwa jicho. Hakukuwa na taarifa yoyote ya diski kujaa, si ndani ya mashine wala kwenye hifadhi ya Proxmox. Afisa sasa ana skripti fupi inayomtumia barua pepe kila asubuhi ikiwa sehemu yoyote imevuka asilimia 80, pamoja na LVM-thin. Pia ana utaratibu wa kuwasha upya mashine kwa makusudi kila robo mwaka, Jumamosi, mchana, watu wakiwepo. Meneja hakuupenda mwanzoni, akiona ni kutafuta matatizo. Aliukubali baada ya kuonyeshwa picha ya skrini ya ile nakala iliyokataa kuwaka, tukamweleza kwamba hiyo ndiyo mashine aliyokuwa akiitegemea.

Mzizi wa yote, hata hivyo, haukuwa kwenye yum. Mashine ilibaki CentOS 7 kwa sababu programu ilibaki PHP 5.4, na programu ilibaki hapo kwa sababu mkataba wa kuiandika haukuwa na kifungu cha kuihamisha matoleo ya chini yake yanapozeeka. Mkataba mpya una kifungu hicho, unataja tarehe za mwisho za AlmaLinux na PHP kwa majina na miaka, na bodi imeuwekea fungu kwenye bajeti. Kinachobaki kwa mtaalamu ni zile ripoti mbili.